Sensa Sita za Basi la Manjano

Wiki jana mlinitumia picha kwenye simu, nyinyi mliorithi kompresa yangu pale Shauri Moyo. Gari refu jeupe, ndani lina kitanda, jiko na hata choo, gari la wale watu wanaokwenda kulala porini kwa hiari yao. Chini ya picha mkaandika: "Shosho niaje. Huyu msee anataka sensa za upepo kwa magurudumu yote. Tumwekee gani?"

Nilianza kuwajibu palepale. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikaweka simu chini nikatafuta daftari na kalamu, maana hilo swali lenu limenigusa pabaya. Shauri Moyo nzima hakuna mtu aliyechagua sensa za upepo, hivi vidude vya kupima upepo wa tairi na kupeleka habari kwenye kioo kidogo cha dereva, kwa muda mrefu kama mimi shosho, bibi yenu, Mama Wanjiru wa pancha, na hakuna aliyejuta kama mimi. Kwa hiyo mpokezane kusoma, thamosi ya chai ikiwa karibu, na msinirukie kurasa.

Mjue kwanza sikuzaliwa nikijua matairi. Nilikuwa nauza chai na mandazi kando ya Mzee Athumani, fundi wa pancha, mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa hapahapa mtaani. Kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa la grisi, na mpaka leo sijui alifanyaje. Ijumaa moja alikwenda msikitini akaniachia vitu vyake. Akaja mwenye pikapu, ana pancha, ana mizigo ya soko la Gikomba, ana haraka zake. Mimi nilikuwa nimemtazama Mzee mwaka mzima, nikajiambia, kwani kuna nini hapo? Nikatoa tyubu, nikaizamisha kwenye karai la maji, nikaona viputo, nikakwaruza, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Kiraka safi, wacha! Jamaa akaondoka. Baada ya dakika kumi akarudi akisukuma gari. Nikaziba tena. Akarudi tena, safari hiyo ameshaanza kunitajia mama yangu na shangazi zangu. Mzee alipotoka kuswali alinikuta na viraka vitatu na machozi. Akapitisha mkono ndani ya tairi, taratibu, akatoa msumari.

"Mwanangu," akasema, "umemtibu mgonjwa, nyoka umemwacha kitandani."

Jumatatu yake akanituma Gikomba, kwenye mitumba, nikanunue soksi ndefu za nailoni za kike. Nikadhani mzee amerukwa na akili. Kumbe ile soksi unaivaa mkononi, unaipitisha ndani ya tairi, na popote penye msumari, mwiba au waya, inanasa kabla kidole chako hakijachomwa. Zangu nimewaachia ndani ya kopo la rangi. Nikisikia mmezitupa nitakuja na haya magoti yangu mabovu.

Kitu cha pili alichonifunza ni kugonga matairi. Mnacheka kwa sababu mna geji za kupimia upepo. Haya, chekeni. Tairi lililojaa upepo ukiligonga kwa kirungu linajibu ting, na kirungu kinaruka mkononi. Lililopungua linasema bu, na kirungu kinalala. Lori au basi lina magurudumu mawili mawili nyuma, na lile la ndani limejificha. Likiisha upepo, la nje hulibeba, nawe kwa macho huoni kitu. Linasagika kimyakimya, linapata joto, na siku hiyo unaweza kuteketeza gari zima ukiwa katikati ya nyika. Ndiyo maana Mzee alitaka la ndani ligongwe kwanza. Na alikuwa na sheria yake: anayegonga akiridhika kwamba upepo upo anapaza sauti, "Iko!" Mwenzake aliye upande wa pili, kama naye ameusikia ule mlio, anaitikia, "Iko!" Bila kuitikiwa, gari halitoki. Alisema masikio mawili yakilala, mawili yawe macho.

Hiyo "Iko" ndiyo iliyonipa mume. Muriuki alikuwa dereva wa lori, akipeleka bidhaa Marsabit na mbele zaidi, na kila safari lazima asimame kwetu. Yeye anagonga, mimi naitikia. Siku moja akapaza sauti, "Iko!" na kabla sijafungua mdomo akasema, "Na wazee wangu wakija kwenu, wataitikiwa hivyo hivyo?" Mzee Athumani alicheka mpaka kofia ikaanguka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoiona chini. Wazee wakaja, wakaitikiwa. Tukapata Wanjiru wetu, ambaye leo ana watoto wake huko Nakuru.

Kila akirudi kutoka kaskazini, Muriuki aliniletea habari za ziwa. Aliniambia Ziwa Turkana asubuhi ni la kijivu, mchana ni la kijani, na kuna upepo unaoweza kuuegemea kama ukuta. "Nitakupeleka, Mama Wanjiru. Utavua viatu uingie mpaka magotini." Mimi namjibu, "Na karai nimwachie nani?" Basi hivyo, mwaka baada ya mwaka, yeye anaahidi, mimi naahirisha. Mzee Athumani akafa, karai likawa langu, na kisingizio kikanenepa.

Muriuki alipostaafu, shule moja ilikuwa inauza basi lake kuukuu. Akalinunua bila kuniuliza. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikachungulia ndani, nikaona ameng'oa viti vyote isipokuwa cha dereva na kimoja cha mbele, na maseremala watatu wa Gikomba wanabishana kitanda kilale mkao gani. Wiki chache baadaye kulikuwa na kitanda cha mninga, kabati, jiko la gesi, tangi la maji, na pazia la maua nililolichagua mwenyewe huku nikijifanya bado nimenuna. Rangi hakuibadilisha, likabaki manjano. Watoto wa mtaa wakamuuliza ni basi la shule gani. "Shule ya wazee," akawaambia, "karo ni jino moja kila muhula."

Kiti cha dereva alikiongezea mto mnene wa sponji, akaushonesha kitambaa cha buluu. Nilimwambia, wewe mrefu hivyo, kichwa kitatoboa paa. Akasema ni kwa ajili ya mgongo. Ukumbukeni huo mto.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Asubuhi moja tulikuwa tutoke, twende mpaka Thika na kurudi, kulijaribu basi. Muriuki akazunguka na kirungu chake. Mimi nimesimama upande wa kushoto, nimejifunga leso, niko tayari kuitikia. Akafika nyuma, akainama, akagonga gurudumu la ndani. Bu. Haki ya Mungu, bu ambayo hata mpita njia angeisikia. Muriuki akainua uso, akanitazama, akapaza sauti, "Iko!"

Nilingoja acheke, maana alikuwa mtu wa utani. Hakucheka. Alikuwa ameinama vilevile, mkono mmoja juu ya tairi, ananitazama. Ndipo mambo yote yakanijia kwa pamoja. Redio aliyokuwa akiifungulia mpaka jirani anagonga ukuta. Majibu aliyokuwa akinipa kwa maswali ambayo sikuuliza. Jinsi alivyoanza kuniangalia mdomoni nikiongea, nami nikajidanganya kwamba ni mapenzi ya uzeeni. Injini ya lori ilikuwa imemla masikio, maskini, na mimi mwenye masikio yangu mazima sikuwa nimesikia.

Nikafanyaje? Nikaitikia, "Iko!"

Alinitazama kidogo zaidi, halafu akaenda kwenye gurudumu lingine. Nikamwambia tumbo linaniuma, hatutaweza kwenda. Alipokwenda nyumbani kunywa chai nikachukua jeki, nikatoa msumari, nikaziba, nikajaza upepo, nikanawa mikono. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Mtaniuliza, shosho, si ungemwambia tu? Nyinyi hamjakaa na dereva. Kumwambia Muriuki hasikii kulikuwa ni kumwambia ashuke kwenye kiti chake, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa kile kiti. Kama akishuka, nani atanipeleka ziwani? Nami sikutaka kumwona ameshuka. Nikaona afadhali nimtafutie masikio mengine, niyafunge kwenye magurudumu, yeye asijue yanafanya kazi ya nani. Nikapanda mpaka Eastleigh, First Avenue, kwa Abdi, muuza vipuri ambaye tulikuwa tumeuziana vitu miaka mingi.

"Mama, sensa za gari gani?"

"Basi."

"La abiria?"

"La mapenzi," nikamwambia. Akacheka mpaka akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia.

Haya, sasa ndiyo shule yenyewe, sikilizeni. Seti ya kwanza niliyochukua ilikuwa ya magari madogo. Sikuuliza mwisho wake wa kupima. Gari dogo linatosheka na upepo wa thelathini na kitu, basi letu lilitaka themanini na zaidi. Nilipozifunga, kioo kikaonyesha vistari tu, hakina habari. Kwa hiyo la kwanza mwulizeni muuzaji sensa zinapima mpaka ngapi, na zivuke kiasi mnachotaka kwa mbali, maana tairi likipata joto upepo wake unapanda.

Seti ya pili ilipima vizuri. Ilikuwa ya zile kofia zinazofungwa juu ya valvu, nzito kidogo. Valvu za basi zilikuwa za mpira. Mimi, fundi mzima, nikafunga kofia nzito juu ya valvu ya mpira iliyozeeka! Gari likikimbia, ile kofia inavutwa nje, mpira unapinda, unapasuka shinani. Ndani ya siku nne kile kitu cha kulinda upepo ndicho kilikuwa kinautoa. Abdi hakuamini macho yake. Wekeni valvu za chuma kwanza, ndipo mzungumze habari ya sensa. Halafu mbili zikaibwa mchana kweupe, basi likiwa limeegeshwa karibu na kanisa, mimi nimekwenda tu kununua mboga ya sukuma. Tangu hapo nadai zenye nati ya kufunga chini, ambazo huwezi kuzitoa bila spana yake.

Seti ya tatu, Abdi akanishauri nichukue za kukaa ndani ya tairi, mwizi hazioni. Ni kweli, na kwa gari dogo ni nzuri. Lakini betri ikifa lazima uvue tairi zima, na huko Loiyangalani, kando ya ziwa, utamvulia nani? Tena mimi nilikuwa nimemimina ile dawa ya maji ya kuziba pancha ndani ya matairi mawili. Ile dawa inaingia kwenye tundu la sensa, inakauka, na sensa inabaki kusema upepo ni uleule hata tairi likiwa limelala chini. Mteja wenu mwulizeni kama amewahi kumimina dawa hiyo. Wengi wanaona aibu kusema, kwa hiyo nuseni.

Mkiweka zile za nje, ziwe na njia ya kupitishia upepo, uupime na kuujaza bila kuzifungua. Gurudumu la ndani mlirefushie valvu kwa bomba la chuma, lishikizwe vizuri lisicheze. Na gari likiwa refu, sensa za nyuma hazifikishi habari mbele, kwa hiyo kuna kile kisanduku cha kupokea na kusukuma habari, kikae katikati. Basi letu bila hicho kisanduku lilikuwa na magurudumu mawili tu, mengine yote hayakujulikana yaliko.

Kosa moja zaidi niungame. Kiwango nilikipanga saa saba mchana, jua limelipiga basi tangu asubuhi. Alfajiri iliyofuata tulipolisogeza, kioo kikaonyesha upepo umepungua kwenye magurudumu yote, kumbe ulikuwa umepoa tu. Pangeni kiwango asubuhi, gari limelala, jua halijagusa tairi, na mizigo yote imo ndani, maji yamejaa tangini. Mzee Athumani angenichapa kwa soksi ya nailoni.

Mnaona nilivyojifunza? Kila kosa lilikula wiki, wiki zikawa miezi. Muriuki anauliza, "Tutatoka lini?" Nami: "Bado sensa." Aliuliza kwa upole, hakuwahi kugomba. Akawa anakaa ndani ya basi akipiga msasa kitanda kilichokwisha kupigwa msasa. Wakati mwingine namkuta amekaa kwenye kile kiti cha abiria, ananiambia, "Njoo ukae hapa kwangu kidogo," ananionyesha kiti cha dereva. Namwambia nina kazi. Leseni ninayo, mnajua, nimeyasogeza magari ya watu miaka yote, lakini kukaa pale yeye akiwa hai niliona ni kama kumvalia kofia yake.

Seti ya nne ilikuwa na kila kitu. Nikazifunga sita, nikampangia kioo karibu na usukani. Kwa makusudi nikapunguza upepo kidogo kwenye gurudumu moja, nione kama masikio mapya yanafanya kazi. Tukatoka. Hizi sensa huamka gari likianza kutembea. Tulipoingia Jogoo Road kioo kikaanza kulia, pii, pii, pii, sauti nyembamba inayochoma ubongo. Muriuki alikuwa anaimba wimbo wa kanisa. Akaendelea kuimba. Nikahesabu nguzo za taa, nikamngojea ageuze macho. Moja, mbili, tano, kumi. Askari wa trafiki pembeni akageuka kututazama. Kumi na tisa. Muriuki yuko ubeti wa tatu.

Sauti ilikuwa nzuri, wanangu. Nilikuwa nimeijaribu dukani kwa masikio yangu mimi. Sikuwaza kwamba ile sauti nyembamba ndiyo inayotangulia kumtoka mtu aliyezibwa masikio na injini.

Nikamgusa mkono, nikaonyesha kioo. "Eh," akasema, "kumbe kanalia?" Akaegesha kando. Hapo ndipo ningesema. Barabara imetulia pembeni, tuko wawili, anatazama mdomo wangu, anangoja. Nikasema, "Hii sensa ni mbovu. Sauti yake ndogo mno."

Kisha akasema, "Ndiyo. Ni ndogo." Tukageuza, tukarudi Shauri Moyo.

Nikarudi kwa Abdi kutafuta kioo chenye taa kubwa nyekundu ya kuwaka na kuzima. Hakuwa nacho, akaagiza. Mvua ikaanza, barabara za kaskazini zikawa tope. Mvua ikaisha, kioo hakijafika. Halafu Muriuki akaanza kuchoka akipanda ngazi mbili za basi. Miguu ikavimba. Daktari akasema ni moyo, kifua kinajaa maji, akalazwa.

Abdi alinipigia simu nikiwa wodini. Nikainama kwenye sikio la kulia la Muriuki, lililokuwa limebaki na uhai kidogo, nikamwambia, "Baba Wanjiru, kioo cha taa kimefika. Ukitoka hapa tunakwenda."

Akatabasamu. "Mama Wanjiru, lile gurudumu la ndani, la nyuma kushoto. Unalikumbuka?"

"Gurudumu gani?"

"Wacha. Unalijua. Nilikuwa nimelishika kwa mkono kabla ya kuligonga. Laini kama mandazi yako. Nilijua halina upepo."

"Sasa mbona ulisema Iko?"

Alingoja pumzi irudi. "Nilitaka uniambie hapana. Masikio yangu yaliisha kabla sijanunua hilo basi, na nilishindwa kusema kwa mdomo wangu. Nikajiambia, huyu mwanamke anasikia tairi kuliko mtu yeyote Nairobi. Akisema hapana, nampa funguo, anaendesha yeye, mimi nakaa pembeni namtazama. Ukasema Iko."

Nilishika tu mkono wake.

"Ule mto wa buluu," akasema, "haukuwa wa mgongo wangu. Ulikuwa wako, ufikie usukani. Wewe ni mfupi, mama." Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi, nesi akaja akaniambia nimwache apumzike.

Aliishi siku nne baada ya hapo. Alizikwa kwao, na magari ya mazishi yalipokuwa yanatoka nililigonga kila tairi mwenyewe, na watu wakafikiri nimechanganyikiwa.

Ni mwaka wa pili sasa. Nilifunga kile kioo cha taa, sijui nilikuwa nakifungia nani. Basi liko palepale kando ya kanisa. Natamani sana kumsikia akigonga. Chai ya saa kumi naimimina vikombe viwili kabla mkono haujakumbuka. Ningetoa sensa zote za Eastleigh, na masikio yangu haya mawili juu yake, nipate zile nguzo kumi na tisa za Jogoo Road tena, niseme kwenye nguzo ya kwanza, "Muriuki, husikii. Nipe mimi usukani." Angenipa. Alikuwa amenishonea mpaka mto.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Yule msee wa gari jeupe msimwulize kwanza gari ni refu kiasi gani. Mwulizeni nani anaendesha. Anasikia vizuri? Kioo anakiona jua likimpiga usoni? Anayekaa kando yake ni nani, na huyo ana ujasiri wa kumwambia simama? Mkishajua hayo, ndipo mhesabu valvu na upepo.

Na nina ombi. Juzi niliingia ndani ya basi, nikakaa juu ya ule mto wa buluu kwa mara ya kwanza. Mikono inafika usukani vizuri kabisa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, jua halijagusa matairi, natoka kwenda Turkana. Wanjiru amekubali kunisindikiza, shingo upande, anasema nimeota mapembe uzeeni. Nataka mje nyote. Kirungu cha Muriuki nitakishika mimi, nianzie gurudumu la ndani la nyuma kushoto, na nyinyi msimame upande ule niliokuwa nasimama.

Haya masikio yangu nayo yameanza kuzeeka, siku hizi namwambia Wanjiru arudie maneno. Nitagonga, nitapaza sauti, "Iko!" Msiitikie kwa mazoea, wala kwa heshima, wala kwa kunihurumia kwa sababu mimi ni shosho wenu. Mkisikia bu, niambieni hapana.